Aliyekula Vumbi la Wote

Vumbi kwanza. Kabla ya vyeo, kabla ya nyota mabegani, kabla ya ile picha ya ukutani ambayo wageni huitazama hadi chai inawapoa mkononi, lilikuwepo vumbi. Vumbi jepesi la njia ndefu, likiinuka chini ya buti la askari wa kwanza, likiinuka tena chini ya buti la wa pili, la wa tatu, la kombania nzima, hata likifika nyuma limekuwa pazia zito. Na nyuma ya pazia lile, Baba, ulikuwa wewe.

Makapteni wengine walitangulia mbele ya askari wao, na sina neno nao. Kila mtu na namna yake. Wewe ulimweka sajenti mbele, mtu aliyeijua njia kuliko wewe, ukarudi nyuma kabisa. Ulisema njia inaonwa na kila mwenye macho. Lakini anayechechemea, anayetaka kutupa mzigo, anayekaa kando akijifanya anafunga kamba za viatu kumbe analia, huyo anaonwa na aliye nyuma. Basi ukakaa nyuma, ukala vumbi la wote. Askari wako wakakuita Mzee wa Nyuma, na siku hizo hata mvi moja hukuwa nayo.

Chakula kikiiva, wa mwisho ulikuwa wewe. Mto ukivukwa, wa mwisho ulikuwa wewe. Lori la kwenda mapumziko likija, watu wakirushiana mabegi na kuimba, wa mwisho kupanda, umening'inia mlangoni na mguu mmoja nje, ulikuwa wewe.

Mimi sikuwepo. Nimezaliwa vita vimekwisha, nyumba ina mapazia na redio na paka. Haya nimeyapata kwa waliokuwepo, kidogo kidogo, mara nyingi kwa mzaha, maana wazee wa vita wakitaka kusema jambo zito huanza kwa kucheka. Leo nimeketi chini, karibu na kiti chako cha magurudumu, nakusimulia yaliyo yako mwenyewe. Usinikatishe. Najua huwezi, lakini macho yako yanaweza, na hayo nayaogopa tangu utotoni.

Uliingia jeshini kuruta, mabuti makubwa kuliko miguu, ukayajaza vitambaa mbele yasije yakakuvuka uwanjani. Mkufunzi akakupigia kelele hadi masikio yakazoea. Ukawa koplo. Ukawa sajenti. Wakubwa wakakuona, wakakupeleka chuo cha maafisa, ukarudi na nyota begani na kitabu cha ramani ulichokisoma hadi kurasa zikalegea. Kisha vita vikaja, na havikuuliza kama umeshamaliza kujifunza. Ulivipigana ukiwa kapteni. Ulitoka humo na kovu la paja, na sikio moja lisilosikia vizuri, lile ambalo Mama anasema ndilo unalomgeuzia kila anapoomba pazia jipya.

Halafu ukaja umeja, halafu ukanali. Mwaka wa mafuriko kikosi chako kilijenga daraja la mbao na kamba, watu wakavuka na watoto wao na magodoro yao na mbuzi wao, na bibi mmoja akafika ng'ambo salama akaanza kulia kwamba ameacha mtungi wake. Vijana wakatazamana. Ukarudi wewe, kanali mzima, maji kifuani, mbao zinaachana nyuma yako. Wa mwisho kutoka ng'ambo ile ulikuwa wewe, na mtungi kichwani. Bibi aliupokea, akaukagua, akakulaumu kwamba umeuchubua.

Ninalipenda sana tukio hilo. Nalipenda kuliko nishani zote.

Jikoni kambini walikujua kuliko ofisini. Siku moja vitani chakula kiliisha kabla zamu yako haijafika, mpishi akabaki na sufuria tupu mkononi. Ukaomba kijiko. Ukakwangua ukoko, ukaula umesimama, ukamwambia, "Kumbe utamu wote ulijificha huku." Tangu siku hiyo mpishi yule akaitwa Sufuria. Tangu siku hiyo pia akawa anakufichia chakula ndani ya kofia yake ya chuma, nawe ukawa unakichukua kwa heshima, unakwenda kumpa mgonjwa. Alikasirika hadi vita vikaisha.

Ukaja ubrigedia, na nyumba kubwa yenye bustani, na gari lenye bendera ndogo. Lakini mezani kwetu kulikuwa kambi ileile. Chakula hakikuguswa kabla hujaita majina. Unasimama nyuma ya kiti chako, mikono mgongoni, sauti ya uwanjani.

"Mkubwa!"

"Nipo!"

"Wa Kati!"

"Nipo!"

"Kitindamimba!"

"Nipo!" Nilipiga ukelele, jirani akajua sasa tunakula.

"Paka!"

Na Mama, bila kugeuka kutoka jikoni, alimwitikia paka: "Yupo!"

Ndipo tukala. Wa mwisho kupakua, wa mwisho kuketi, ulikuwa wewe. Nilidhani ni mchezo wa nyumbani kwetu, kama nyumba nyingine zilivyo na mchezo wa karata. Nilishakuwa msichana mkubwa uliponichukua kwa mara ya kwanza kwenye siku yenu, na huko nikajua mchezo ulikotoka.

Siku yenu huja mara moja kwa mwaka. Mnakutana kwenye uwanja wa gwaride wa kambi ya zamani, nyinyi mliobaki wa kombania moja, mmevaa makoti yanayobana kifuani au yanayoning'inia, kwa jinsi kila mtu alivyotendewa na maisha. Hakuna hotuba. Unasimama mbele yao, unaita majina yote kwa kichwa. Si majina ya vyeti. Ni majina ya utani, kwa sababu kwenye simu ya upepo mlikatazwa kutaja majina halisi, na baada ya miezi ya vita ya utani yakawa ndiyo majina. Jogoo, aliyeamka kabla ya wote. Radi, aliyekoroma. Bi Harusi, aliyechelewesha msafara mzima akijipanga mbele ya kioo kidogo. Kobe. Fundi Saa. Kijiko, mlafi, ambaye haja ya kueleza zaidi haipo.

Aliye hai huitika, "Nipo!" Aliyekufa huitikiwa na yule aliyetembea karibu naye: "Yupo!" Na huyo jirani akifa, mwingine humrithi, akabeba majina mawili, matatu, yakamwelemea lakini akayabeba. Kobe siku hizi anaitikia safu nzima. Anaitika polepole, kila mtu kwa sauti yake, na hakuna anayemharakisha.

Nikiwa pale pembeni na mwavuli wa Mama, niliona jambo moja nisilielewe. Jina la mwisho likishaitikiwa, hukusema papo hapo "Tawanyikeni." Ulibaki. Ulifungua mdomo, ukatazama chini, ukafunga mdomo. Kisha ndiyo ukasema. Kila mwaka. Nilifikiri ni pumzi.

Mwaka huu kiharusi kikaja bila hodi. Kilikukuta unamwagilia maua. Kilichukua mguu wa kulia na mkono wa kulia, ule wa saluti, kikachukua na sauti yote, ile iliyokuwa ikivuka uwanja bila kipaza. Kimekuachia upande wa kushoto na akili yako nzima, na sijui kama huo ni wema au ni ukatili. Tulikupa kalamu mkono wa kushoto. Ulichora mikwaruzo ya kuku, ukaitazama, ukaitupa kalamu uani, na hilo tulilisoma vizuri sana.

Mimi ni muuguzi. Nimewaona wengi wa namna yako, nimewageuza kitandani, nimewafuta midomo, nimerudi nyumbani nikala vizuri. Ulipokuwa wewe, nilikwenda kulia kwenye stoo ya mashuka.

Siku yenu ikakaribia. Kamanda mpya wa kambi akaja kutuona, kijana mstaarabu, kofia kwapani, maneno yamepigwa pasi.

"Shikamoo Afande. Shikamoo Mama," alisema, akaketi ncha ya kiti. "Tumefikiri mzee wetu apumzike mwaka huu. Tutasimama kimya kidogo, tutapiga tarumbeta, wageni watapata chai. Majina si lazima."

Mkono wako wa kushoto ulishuka mezani, vikombe vikaruka. Kamanda akasimama mguu sawa bila kuambiwa. Ukanyoosha kidole, na kidole hakikwenda kwa kaka yangu mkubwa aliyekuja na tai yake ya ofisini, wala kwa Mama. Kilikuja kwangu.

"Haya," Mama akasema, akiifuta chai. "Umeshateuliwa. Na huko jeshini hawana kusema nitafikiria."

Basi tukaanza masomo, Baba. Sebuleni, chumba kile ambacho madirisha yake yanatazama ukuta wa jirani na jua halijawahi kukanyaga sakafu yake, brigedia mstaafu alimfundisha bintiye kombania nzima kwa mkono mmoja na nusu ya uso. Hapakuwa na karatasi. Haikuwahi kuwepo, uliwabeba kichwani. Ulituigizia kila mtu kwa ishara, nami na Mama tukakisia.

Ukapigapiga kiwiko ubavuni.

"Bata," nikasema.

"Bata wa wapi vitani!" Mama akanisukuma. "Huyo ni Jogoo. Si unaona anavyotutazama kwa dharau?"

Ukachukua kitambaa cha meza, ukajifunika uso, ukainamisha macho kwa haya. Mama akacheka hadi akashika ukuta. Bi Harusi. Ukafumba macho, ukakoroma. Radi. Ukasogeza kidole kwenye mkono wa kiti, taratibu, taratibu mno, tukasubiri hadi tukachoka. Kobe. Ukazungusha kidole kama mshale wa saa. Fundi Saa. Ukakwangua sufuria ya hewani. Tulikujua baba mkali, Baba, na hatukujua kwamba ndani yako kulikuwa na sinema nzima. Mama alikutazama siku hizo kama anavyokutazama kwenye picha ya harusi yenu.

Nikishalishika jina, nililiita. Na hapo ndipo uliponikasirikia. Kazini ninaita majina siku nzima, dirishani, foleni imefika barabarani. Naita mara moja, nikimwona mtu ameinuka, vizuri, nisipomwona naweka faili lake chini ya mengine naita anayefuata. Hakuna muuguzi asiyefanya hivyo, tungekesha. Kwa hiyo niliita jeshi lako kwa namna ya dirishani. "Radi! Fundi Saa! Kijiko!"

Ukagonga mkono wa kiti. Nikarudia. Ukagonga tena. Nikauliza nimekosea nini, majina si ndiyo hayo? Ukaweka kiganja juu ya mkono wangu, ukakibana hapo baada ya jina la kwanza, ukanizuia kwenda la pili. Tukakaa hivyo. Saa ya ukutani ilikuwa inasikika. Nikaelewa kwamba jina haliachwi hadi liitikiwe, hata kama anayepaswa kuitika ana miaka mingi ardhini, hata kama anayemwitikia ni mzee anayetafuta pumzi. Asiyeitika si faili la kuweka chini. Unamsubiri.

Nilijifunza kusubiri. Kazini waliniambia siku hizi nimekuwa mzito, na wagonjwa wakaniambia siku hizi nimekuwa mtu.

Tuliwamaliza wote, nikafurahi, nikasimama kwenda kukuletea maji. Ukanishika sketi. Bado mmoja.

Ulijigusa kifua, kisha ukanyoosha kidole chini, sakafuni, nyuma ya kiti chako.

"Kisigino," nikasema. Ukakataa. "Mkia." Ukakataa. Mama akasema mjusi, akasema zulia, akasema kiti, akasema huenda ni mtu aliyeitwa Chini. Ukarudia: kifua, kisha sakafu. Tena. Tena. Sakafuni palikuwa na paka tu. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata ulifanya ishara ile hadi mkono ukachoka, na chozi likakushuka upande ule mzima wa uso, na mimi sikuwahi kuliona chozi lako hata alipozikwa mama yako. Mama akatoka akaenda kusimama jikoni bila kupika kitu.

Nikampigia simu Sufuria.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mzee wa Nyuma anakula?"

"Anakula. Baba mdogo, majina yote ninayo, limenikwama moja. La mwisho kabisa. Anaonyesha sakafu."

Nilisikia kuku wake wanagombana uani, nikasikia anawafukuza, nikajua anatafuta muda.

"Hilo hatuliiti," akasema.

"Kwa nini?"

"Sikiliza, mwanangu. Tulikuwa na kijana wa simu ya upepo. Yeye na baba yako hawakuachana, maana kapteni bila simu ni kiziwi. Kijana mzuri, mcheshi, anaiga sauti zetu zote. Adui naye alikuwa anatusikiliza hewani, na sisi hatujui. Akayajua majina yetu ya utani. Asubuhi moja kuna ukungu, hata mkono wako huuoni, tumelala kwenye mahandaki. Sauti ikaita kutoka ng'ambo. Sauti ya mkubwa, ya kukaripia, sawasawa na ya baba yako. Ikaita jina la yule kijana. Mara moja tu."

"Ikawaje?"

"Akaitika. Akasema nipo, akasimama." Sufuria akavuta pumzi. "Hilo ndilo kosa lake, mwanangu, aliitika. Na mimi ningeitika. Sote tungeitika, baba yako ndivyo alivyotufunza, ukiitwa, itika. Na baba yako alikuwa amelala hapohapo pembeni yake. Alinyoosha mkono amshike mguu, akashika buti, na risasi imeshampata, mtu ameshakwenda."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Jioni baba yako alituambia, jina lililomwua mtu halitaitwa tena mpaka nitakapoliita mimi mwenyewe. Tukaahidi. Basi kila mwaka namwona pale uwanjani, anafungua mdomo aliite, linamshinda, anatutawanya. Mwaka wa jana nikasema moyoni, mwakani ataweza. Sasa mwakani ndiyo huu."

"Nitajie mimi, baba mdogo. Nitaliita mimi."

"Si langu kulitaja. Tuliahidi." Kisha akasema kwa upole, "Kama anakuonyesha, basi anataka liitwe. Msome vizuri. Wewe ni damu yake."

Niliiweka simu, nikarudi sebuleni, nikakutazama. Mwanamume aliyerudia mtungi ndani ya mafuriko, na ambaye alishindwa kumrudia mtu mmoja tu. Nikajua unachoniomba. Mdomo ulio na ruhusa ya kuliita jina lile umezimika. Nisipokuelewa mwaka huu, kijana yule atabaki nje ya kombania yake milele, na wewe utaondoka duniani ukiwa na mtu mmoja hujamfikisha kambini. Niliogopa, Baba. Sijawahi kuogopa vile hata mbele ya mgonjwa anayekata roho.

Asubuhi ya siku yenu uling'arisha mabuti mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ukiwa umeyabana katikati ya magoti. Mama alitaka kusaidia ukamtazama. Ilichukua muda mrefu na sakafu nzima ikapata rangi nyeusi. Nilivaa sare yangu nyeupe ya kazi, kwa sababu sina nguo nyingine inayoniheshimisha kuliko hiyo.

Mvua zilikuwa zimechelewa na uwanja umekauka. Askari vijana walijipanga pande mbili, shingo ngumu. Katikati walisimama wenu: Sufuria na tumbo lake, Kobe na fimbo yake, Bi Harusi na suruali yenye pasi ya kukata mkate, na wengine wachache. Jogoo akafika mwisho, anahema, hajafunga vifungo.

"Usingizi, afande," akasema, na hata kamanda kijana akauma mdomo asicheke.

Nilikusukuma hadi mbele yao. Nikasimama pembeni mwa kiti, Mama nyuma yangu.

"Jogoo!"

"Nipo!"

"Radi!"

Nikasubiri. Kobe akainua kidevu. "Yupo."

"Fundi Saa!"

"Yupo."

"Bi Harusi!"

"Nipo," akanyoosha kola.

Niliwaita, Baba. Kila mmoja nikamsubiri. Niliita kama nilivyofunzwa na kiganja chako, na majina yakatoka, yakatembea uwanjani, yakaitikiwa moja moja, hai na wafu, hadi vijana waliokuwa wamesimama kwa amri wakawa wamesimama kwa sababu nyingine. Niliona askari mmoja wa kike anajikaza midomo isitetemeke. Sufuria akaitika la kwake kwa sauti ya mpishi anayeita watu chakulani.

Kisha majina yakaisha. Wazee wakatazama chini, kama wanavyofanya kila mwaka, wakingoja utawanye.

Nikakugeukia. Nikakwambia kwa sauti ndogo, "Baba, nionyeshe tena. Mara moja tu."

Ukajigusa kifua. Ukanyoosha kidole ardhini, nyuma ya kiti chako.

Na nyuma ya kiti chako, Baba, jua la asubuhi lilikuwa limekilaza kivuli chako uwanjani, kirefu, cheusi, kimeshikana na magurudumu, hakikuachi hatua moja. Sebule yetu isiyo na jua ilikuwa imetuficha kitu ambacho kila mtu anatembea nacho. Nikamwona yule kijana. Nikamwona nyuma yako njiani, simu mgongoni, waya unaning'inia, anaiga sauti ya sajenti, anakula vumbi la wote na lako juu yake. Tulisema miaka yote wa mwisho ulikuwa wewe. Hukuwa wewe.

"Kivuli?" nikakuuliza.

Ukafumba macho. Ukatikisa kichwa kukubali, na kichwa hakikukoma kutikisika.

Nikanyooka. Nikaliita kwa pumzi yangu yote, lisifanane na sauti ya adui hata kidogo, liwe sauti ya nyumbani, ya mtu anayemwita mtu aje kula.

"Kivuli!"

Hakuna aliyeitika. Jogoo alifunika mdomo kwa mkono. Kobe, anayeitikia wengi, akatikisa kichwa. Huyu hakuwa wake. Sufuria alinitazama, machozi yanamtiririka waziwazi, naye akanyamaza. Nikasubiri. Bendera ilipigapiga mlingoti. Nikaendelea kusubiri, na taratibu nikakumbuka nani alilala karibu naye asubuhi ile ya ukungu, na nani peke yake mwenye haki ya kumwitikia.

Mdomo wako ulihangaika. Upande mmoja ulikwenda, upande mmoja ukakataa. Shingo ilisimama mishipa. Nilitaka kuitika badala yako, Mungu anajua, neno lilishafika menoni. Mama akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Anakuja."

Mguu wako wa kushoto ukatoka juu ya kikanyagio. Ukainuka, polepole, buti linang'aa, goti likapanda juu kama la kuruta anayeogopa mkufunzi wake. Mguu ukashuka.

Ule mshindo, Baba. Mguu sawa mmoja, wa mzee mmoja aliyeketi, na nadhani waliusikia hadi getini. Na chini ya buti lako vumbi likainuka. Likainuka jepesi, likashikwa na upepo, likatujia. Likampata Sufuria usoni, likatua kwenye pasi ya Bi Harusi, naye hakulipangusa. Likaingia kwenye kitambaa cha Mama na kwenye sare yangu nyeupe.

"Yupo," Sufuria akasema.

"Yupo," akasema Kobe, na safari hii hakuchelewa.

"Yupo!" wakasema wote, wazee na vijana, bila amri ya mtu.

Nilipaswa kusema tawanyikeni. Nilisahau, na hakuna aliyeondoka. Ulikuwa umefumbua macho, unatazama mbele, uso umetulia pande zote mbili, nami nilisimama pale ulimi umejaa mchanga laini wenye ladha ya ardhi kavu. Lilikuwa vumbi lako, Baba. Nikalimeza.